Ukitengeneza Breki, Unapanda

Mwezi uliopita goti langu la kulia lilistaafu, na mimi nikalifuata. Vijana wa gereji walinifanyia sherehe fupi. Soda zilinywewa, hotuba zilitolewa na watu ambao siku nyingine hata salamu huwashinda, na mwishoni wakaniomba niandike kumbukumbu za miaka yote niliyolala chini ya malori hapa Tunduma. Nikawaambia miaka yote sitaandika. Nitaandika miwili ya kwanza, niliyokuwa mwanagenzi, maana iliyofuata ilikuwa ni kuirudia hiyohiyo, ila kwa miwani.

Sababu nyingine ya kuandika ni barua. Mwaka huu gereji ilipokea wanafunzi watatu wa fildi kutoka chuo cha ufundi, ovaroli zao bado zina mikunjo ya pasi. Wiki ya pili tu wakamwandikia msimamizi kulalamikia desturi yetu. Desturi yenyewe ni fupi: ukitengeneza breki za lori, unapanda. Unakaa ndani na dereva, mnashuka pamoja mteremko wa kwanza, ndipo kazi inahesabika imekwisha. Mmoja wao, kijana mwenye kucha safi kuliko zangu za siku ya harusi, alinifuata na kitabu chake cha mafunzo.

"Mama, hii kitu ya kupanda haimo humu," aliniambia. "Tumepekua logibuku yote."

"Na woga umo ukurasa wa ngapi?" nikamuuliza.

Akapekua. Mungu ni shahidi wangu, kijana wa watu alipekua kweli.

Kwa hiyo ninawaandikia hao watatu, na wengine wote watakaokuja na mikunjo ya pasi. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini, maana gereji yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: aliye chini ya gari na aliye nje akitoa ushauri.

Mimi ni mtoto wa Ibaba, kule juu Ileje, kwenye ukungu na viazi. Sikuletwa Tunduma kujifunza breki. Baba alinileta kwa shangazi ili nijifunze kushona, kwa kuwa binti wa jirani alishona na sasa ana nyumba ya bati. Mwalimu wangu wa ushonaji alikuwa mama mmoja mkali aliyependa cherehani yake kuliko alivyompenda mumewe, na ukimwona mume hukumlaumu. Siku ya tisa cherehani ikaanza kukwama. Mwalimu akaenda msibani, mimi nikaifungua, nikaisafisha, nikaifunga. Ilishona vizuri ajabu. Shida ilikuwa kwamba vilinibakia vidude viwili mkononi ambavyo sikujua vilitoka wapi.

Mwalimu aliporudi akaviona vile vidude, hakutaka tena kusikia habari za mshono. Alinifukuza mbele ya wateja, kwa sauti ya kusikika hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

Mmoja wa wateja hao alikuwa Mzee Simbeye, aliyekuja kuchukua suruali yake. Alikuwa Mnyiha wa Mbozi, mfupi, mkimya, mwenye gereji ya malori upande wa pili wa barabara. Alinikuta nimekaa juu ya kisanduku changu, nalia.

"Ile cherehani inashona?" akaniuliza.

"Inashona, shikamoo."

"Marahaba. Na hivyo vilivyobaki umevitupa wapi?"

"Sikuvitupa. Ninavyo mfukoni."

Akaomba avione. Akaviweka kiganjani, akavigeuza kwa kidole. "Hiki ni cha taa, na taa ya hiyo mashine imekufa siku nyingi. Hiki kingine ulitakiwa kukirudisha. Itashona kama wiki hivi, halafu itaanza kuruka nyuzi." Akanirudishia. "Aliyebakiza kidude akakitupa, huyo simtaki. Aliyekiweka mfukoni anafundishika."

Cherehani ilianza kuruka nyuzi siku ya sita. Siku ya saba nilikuwa nimesimama kwenye geti la Mzee Simbeye, na shangazi yangu nyuma yangu ameshika kichwa.

Baba alishuka kutoka Ibaba mwenyewe kuja kuzungumza. Hakukasirika kama nilivyoogopa. Aliyatazama malori kwa muda mrefu, yale matumbo yaliyofunguliwa, mafuta yaliyomwagika, akamgeukia Mzee Simbeye.

"Mzee mwenzangu, mimi magari siyajui," alisema. "Mimi najua viazi. Kitu nikikipanda, nakipa misimu miwili. Kisipozaa nang'oa, napanda kingine."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Misimu miwili, yaani miaka miwili, ikiisha na Mzee Simbeye hajaniita fundi, narudi nyumbani. Mgongo wa mama ulikuwa umeanza kumsumbua, na shamba la pareto halijichumi. Baba hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu mbaya ungeweza kumpinga.

Tatizo ni kwamba Mzee Simbeye neno fundi hakulitoa ovyo. Alikuwa nalo bahili. Sisi wanagenzi alituita kwa majina yetu, na siku akikasirika alituita "watoto wa watu", kwamba angetamani tuwe wa watu kweli na asituone tena pale. Kabla yangu alikuwapo Osea, kijana wa Vwawa, aliyeitwa fundi mwaka mmoja kabla sijafika, na hakuna siku aliyosahau kunikumbusha. "Sisi mafundi," angesema, akiwa peke yake.

Miezi ya kwanza sikugusa breki. Nilioga dizeli. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma, kupanga nati kwenye makopo kwa ukubwa wake, na kila asubuhi kufungua vizibo vya matenki ya upepo ili maji yatoke. Malori haya hufunga breki kwa upepo, na upepo ukichanganyika na maji, breki nazo hupata mafua. Niliichukia kazi ya vizibo. Siku moja nikaruka tenki moja nikidhani hakuna atakayejua. Mzee Simbeye akapita, akafungua lilelile, akanimwagia kikombe cha maji ya kutu kwenye viatu, akaenda zake bila neno. Enyi wa fildi, huo ndio uliokuwa mtihani wetu wa kuandika.

Chombo cha kwanza kupewa kilikuwa spana namba kumi na nne, iliyolika mpini kwa mikono ya watu niliowarithi bila kuwajua. Chombo cha pili ni nyundo ndogo ya kugonga na kusikiliza. Cha tatu hakinunuliwi. Mzee Simbeye alikuwa akisogeza kiganja karibu na gurudumu la gari lililotoka safari, bila kuligusa, halafu anakwenda la pili, la tatu, la nne. "Yakiwa na joto sawa, breki zinagawana kazi," alinifundisha. "Moja likiwa baridi, hilo ni mvivu. Moja likiwa moto, hilo linafanyishwa kazi ya wenzake." Nilijifunza kiganja kwa mwaka mzima. Hata leo nikimshika mjukuu paji la uso, nakwenda kushika na la nduguye nilinganishe.

Na kilicho kigumu kuliko vyote kilikuwa nusu. Ndani ya gurudumu mna dramu la chuma, na ndani ya dramu mna shuu mbili zenye kitambaa kigumu kinachosugua ili gari lisimame. Unakaza kwa spana mpaka shuu ziguse dramu, halafu unarudisha nusu mzunguko. Si robo, si robo tatu. Ukirudisha sana breki zinachelewa kushika. Ukirudisha kidogo haziachii, zinasugua njia nzima, zinachemka, na ukifika mteremkoni unapozihitaji unakuta zimechoka kama mtu aliyelima tangu alfajiri ukamwita jioni akusaidie kulima.

Nilimwuliza Mzee Simbeye kwa nini fundi lazima apande. Kuuliza si ujinga, lakini kwa Mzee Simbeye hakukuwa na faida pia. Siku moja alisema ni ili fundi apate lifti ya kwenda sokoni. Siku nyingine akasema ni kwa sababu madereva ni waoga wa upweke. Osea alisema yeye hupanda kwa kupenda, lakini mara ya kwanza alipopanda alirudi na kiatu kimoja, na mpaka leo hajaeleza.

Mimi nilitamani kupanda. Asiyepanda alikuwa hajatengeneza, na asiyetengeneza hawezi kuitwa fundi. Lakini kila nikikaribia gari, dereva alikuwa na neno. Huyu anataka "mwanaume ashike-shike kwanza". Yule anasema mimi nikalete maji ya kunywa. Ni mmoja tu, dereva wa Zambia, aliyenisalimia "mwapoleni mukwai" na kuniita kwa jina langu, ba Sekela, kwa adabu ya kwao. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, mpaka Osea akaniuliza kama nimeumia mgongo.

Ukafika mwisho wa msimu wa pili. Baba alituma salamu kwa watu wa basi kwamba Jumamosi atakuja kunichukua. Alhamisi ya wiki hiyohiyo akaingia Salumu.

Salumu alikuwa dereva mwenyeji wa Tanga, kofia ya kufuma kichwani na ulimi usiochoka. Alibeba mahindi kutoka Momba, amepita Chitete kwa barabara ambayo, kwa maneno yake, "imenitoa roho ikanirudishia ya mtu mwingine". Breki za nyuma zilikuwa zimekwisha kabisa. Mzee Simbeye akazunguka gari, akagonga kwa nyundo yake, akasikiliza.

"Nyuma kote ni kwa Sekela," akasema. "Peke yake."

Osea akakohoa. Salumu akashuka kwenye ngazi ya gari haraka kuliko alivyopanda.

"Mzee wangu, samahani. Mimi nina watoto wanne."

"Yeye hana hata mmoja," Mzee Simbeye akamjibu. "Hajaanza hata kuishi, na atakuwa humo humo ndani nawe."

Sikulala vizuri, sikula vizuri, lakini nilifanya kazi vizuri, isipokuwa mahali pamoja. Nilifungua madramu yote manne, nikabadilisha vitambaa, nikagongomea ripiti mpya za kuvishika, nikapaka grisi inapopakwa na kuizuia isipopakwa. Ijumaa mchana nikafika kwenye kukaza. Nikakaza mpaka shuu zikagusa, nikarudisha nusu. Hapo ndipo nikamtazama Salumu amelala kivulini na kofia usoni, nikawaza: mimi nitakuwa ndani ya gari hili. Nikakaza kidogo tu. Gurudumu la pili, kidogo tu. La tatu na la nne nayo, yasione wivu.

Hilo ni kosa letu sisi wa gereji hii, kwingine hamtalikuta. Kwingine fundi asiyepanda hulegeza kwa uvivu. Kwetu anayepanda hukaza kwa woga.

Saa tisa alasiri tukaondoka. Mzee Simbeye alibaki getini. Desturi haikumruhusu mwalimu kupanda. Nje ya mji, upande wa kuelekea Vwawa, kulikuwa na mteremko ambao sisi mafundi tuliuita Mtihani, na huko ndiko tulikokuwa tunakwenda. Salumu alianza na dua yake, mimi nikasema Baba Yetu kimoyomoyo, tukawa tumeziba pande zote.

Kabla hatujafika nikasikia harufu. Mnaijua: maharage yaliyoshika sufuria. Tulikuwa bado tambarare, Salumu hajagusa breki hata mara moja, na magurudumu yangu yalikuwa tayari yanaungua.

Nikanyamaza. Nalisema hili wazi kwa sababu nimeombwa kumbukumbu, sikuombwa sifa. Niliwaza kwamba kesho ni Jumamosi. Nikisema simama, mimi si fundi, na kesho napanda basi la Ileje na kisanduku changu. Nikikaa kimya, labda tutashuka salama, labda harufu ni ya gari lingine, labda Salumu ana mafua. Zilipita nguzo tano za simu nikiwa nimenyamaza. Kwenye nguzo ya sita nikaona barabara inainamisha kichwa, nikamwona na Salumu, anapiga mluzi, hana habari, ameniamini.

"Simama, kaka Salumu."

"Kuna nini?"

"Simama! Zimeshika!"

Alisimamisha mwanzoni kabisa mwa mteremko. Tulipozunguka nyuma, moshi ulikuwa unatoka pande zote mbili. Salumu alipiga ukelele, akachomoa ndoo ya maji, akakimbilia gurudumu. Nikaikamata ndoo. Dramu la moto ukilimwagia maji linapasuka, hilo nilikuwa nalijua, na yeye alijua tu kwamba gari ni la tajiri na linawaka.

"Niachie, binti, litaungua!"

"Ukimwaga litapasuka! Niachie wewe!"

Tulivutana pale barabarani, mtu wa Tanga na mtu wa Ibaba, mpaka maji yote yakatumwagikia sisi. Gari likapoa lenyewe kwa muda wake, tukiwa tumekaa ukingoni, tumelowa. Kisha nikaingia chini na spana yangu, nikarudisha nusu ya kweli kwa kila gurudumu, tukageuza kurudi mjini taratibu kama msiba.

Mzee Simbeye alikuwa palepale getini. Salumu alishuka akilalamika kabla mguu haujagusa chini.

"Mzee wangu, mimi kwa breki za huyu binti sishuki mlima. Mpe Osea azifanye upya."

"Osea akizifanya, atapanda Osea," Mzee Simbeye akasema. "Hizi kafanya Sekela. Atapanda Sekela."

"Basi mimi ndiye sipandi!"

"Hiari yako. Chai ipo pale."

Nikafungua tena madramu yote. Vitambaa vilikuwa vimeanza kung'aa kwa kuungua, nikavipiga msasa mpaka mng'ao ukaisha. Nikafunga, nikakaza, nikarudisha. Mzee Simbeye akaja akachuchumaa pembeni. Hakushika kitu.

"Umerudisha kiasi gani?"

"Nusu."

"Jana ulirudisha kiasi gani?" Ijumaa yenyewe ilikuwa bado haijaisha, lakini kwa Mzee Simbeye kosa likishatokea lilikuwa la jana.

"Nusu, halafu nikaogopa."

Akaitikia kwa kichwa, akainuka, magoti yakalia, akaenda kufunga geti. Nilingoja aseme jambo la kunipa moyo, kwa kuwa ndivyo walimu wanavyofanya katika hadithi. Alisema nisisahau kuosha spana.

Jumamosi asubuhi baba akafika. Alikuja na kapu la viazi na jogoo mmoja wa kumshukuru mwalimu, kama inavyopasa mtu anapomchukua mwanawe. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Nilipoliona lile koti nilijua ya kwamba kweli amekuja kunichukua, na machozi yakanilenga.

"Mzee mwenzangu," akamwambia Mzee Simbeye baada ya salamu, "misimu miwili imetimia. Amekuwa fundi?"

"Bado sijui. Gari halijashuka."

Salumu alikuwa amekaa juu ya tairi na kikombe cha chai. Alikuwa akingoja hadhira tangu jana. "Baba, karibu. Huyu binti yako nusura anibanike mimi na mahindi yangu pamoja. Waulize watu."

Baba hakuwauliza watu. Aliniuliza mimi. Nikamweleza yote pale katikati ya gereji, Osea anasikia, kila mtu anasikia: kwamba nilikaza kwa woga, kwamba nilisikia harufu nikanyamaza nguzo tano kwa sababu sikutaka kurudi nyumbani, kwamba Salumu angeweza kufa kwa ajili ya ile Jumamosi yangu. Sikuwahi kuona aibu ya namna hiyo, na nimewahi kuozesha mtoto wa kiume kwenye familia ya watu wanaojidai. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini hawasemi kuuonyesha kunavyouma.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Alitazama gari. Alitazama magurudumu yake, moja moja, kama vile yatamwambia kitu.

"Sasa hivi umezifunga sawa?"

"Ndiyo, baba."

"Una hakika we Sekela?"

"Nina hakika."

Akamkabidhi Osea jogoo. Akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

"Basi na mimi napanda," akasema.

Salumu akainuka kwenye tairi. "Mzee wangu, hebu ngoja. Unajua unachokipanda lakini?"

"Sikijui," baba alisema. "Namjua huyu."

Mtu mzima wa Tanga, mwenye watoto wanne na ulimi usiochoka, akaiweka sawa kofia yake kama mtu wa safari. Sijui kama ni imani au ni haya tu, maana dereva gani atabaki na chai chini mkulima wa viazi akapanda gari lake? Akamwaga chai iliyobaki, akachukua funguo.

Baba aliketi katikati yetu. Ilikuwa mara yake ya kwanza ndani ya lori, na alilipanda kwa kulishika kila mahali paliposhikika, ikiwamo kofia ya Salumu. Breki zilipotoa upepo, pshaaa, aliruka akagonga kichwa darini. "Ndivyo zinavyopumua, baba," nikamwambia. "Mbona zinapumua kwa hasira?" akauliza. Tulipokaribia Mtihani nilivuta pumzi kwa pua mpaka kifua kikauma. Hakukuwa na harufu ya maharage. Kulikuwa na dizeli, na jasho la Salumu, na koti la baba lililonuka moshi wa jikoni kwetu.

Salumu akatia gia ndogo. Gari likainamisha pua. Baba akafumba macho akaanza kusali kwa Kindali, kwa sauti, akitaja ndugu wote kwa majina, walio hai na waliotangulia, na katikati ya sala akafumbua jicho moja kumwambia Salumu, "Taratibu kijana, taratibu," kisha akaendelea na akina shangazi. Salumu alikanyaga. Nilizisikia zikishika, nyuma zote nne kwa pamoja, bila kuvuta upande wala kupiga kelele. Akaachia, zikaachia. Akakanyaga tena. Mahindi yote ya Momba yalikuwa mgongoni mwetu yakitusukuma, na vitambaa nilivyovipiga msasa kwa mikono hii vikayakatalia.

Tulisimama chini kabisa, mahali pa tambarare. Niliruka nje kabla gari halijatulia. Nikasogeza kiganja gurudumu la kwanza. Vuguvugu. La pili, vuguvugu. La tatu. La nne. Joto moja, kama watoto wa tumbo moja. Nikaingia chini ya gari kuhakikisha kitu ambacho hakikuhitaji kuhakikishwa, nikalia hukohuko nilikozoea.

Nilipotoka, baba alikuwa amesimama kando ya barabara, anafuta vumbi koti lake. Aliniambia yeye kwenye gari harudi tena, atapanda ule mlima kwa miguu yake, polepole, maana ndiyo anayoijua breki zake. Kisha akageuka kutazama tulikotoka. Nilijua anachowaza. Lile kapu alilokuja nalo lilikuwa gereji, kisanduku changu nilikuwa nimekifunga tangu asubuhi, na huko Ibaba mama alikuwa amekwisha kunitandikia kitanda.

Ndani ya gari Salumu akapiga honi.

"Fundi!" akaita. "Fundi, panda twende basi! Huko mbele kuna mlima wa Senjele, na mimi ule siushuki peke yangu!"

Niligeuka kutazama nyuma, nikidhani anaitwa Mzee Simbeye, nikishangaa amefikaje pale. Barabara ilikuwa tupu.

"Anakuita wewe," baba alisema. "Nenda. Mama yako nitamweleza mimi."